Kura Nyekundu ya Kaka Norval

S.L.P. 41,
Vesterby.
2 Desemba 2024.

Mpendwa dada Corliss,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti walilolipasua mwezi wa Agosti limekubali kupanda ngazi za barazani kwako bila manung'uniko. Shemeji Hanale anaendeleaje na presha yake? Na shangazi Verna, bado anabishana na redio? Mwambie tunamkumbuka, hasa tunapokaa kimya wote mezani na hakuna wa kutuchokoza.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Duane anakohoa kama trekta bovu, lakini tangu anioe anakohoa, kwa hiyo hiyo si habari. Theluji ilianguka mapema mwaka huu kabla watu hawajamaliza kuvuna alizeti, na sasa zimesimama mashambani nyeusi tii, vichwa chini. Nikizitazama kupitia dirisha la jikoni machozi yananilengalenga. Siku hizi hata nikitazama sufuria yananilengalenga, basi tusizilaumu alizeti.

Uliuliza habari za kaka Norval. Kadi yako ninayo kwenye mlango wa friji tangu Julai, nimeibana kwa sumaku, na kila nikitoa maziwa inanikodolea macho. "Ilikuwaje akashindwa kwao kwenyewe?" umeandika. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, kisha nikalipata, na nilipolipata nikatamani nisingelipata. Kaa chini, dada, weka goti juu ya kigoda, usome taratibu.

Wewe ulipoondoka, Norval alikuwa kijana wa kurusha marobota ya majani, hana hata ndevu. Siasa ilimpata kwa bahati mbaya. Walitaka kuliondoa basi la shule upande wa kaskazini, akaenda kwenye kikao cha kamati kulalamika, akatoka kikaoni amechaguliwa mjumbe. Baada ya hapo ikawa bunge la jimbo. Miaka ishirini na minne, dada, na kumi ya mwisho akiwa Kiongozi wa Wengi, yaani mkuu wa wabunge wa chama chenye viti vingi. Mtoto wa baba yetu, ambaye alifeli somo la kuzungumza mbele ya watu!

Nadhani ndiyo maana walimpenda kule makao makuu ya jimbo. Hakuwa mtu wa hotuba, alikuwa mtu wa kuhesabu. Mfukoni mwa shati alikuwa na kadi yenye majina ya wabunge wote tisini na wanne, na kipande cha penseli. Alijua nani atasema ndiyo, nani atasema hapana, nani mama yake mgonjwa na anahitaji kuulizwa hali kabla ya kuombwa chochote. Daraja la kwa Hauge ni kazi yake. Paa la shule ni kazi yake. Hapa kijijini tulimwita Bwana Kiongozi, nusu kwa utani na nusu kwa fahari. Unakumbuka huku watu wakipishana barabarani huinua kidole kimoja juu ya usukani? Kwa Norval waliinua kiganja kizima.

Sasa nije kwenye hospitali. Vitanda kumi na vinne tu, lakini ilikuwa yetu, na jiko lake lilikuwa langu kwa miaka ishirini na sita. Mwaka jana Aprili uliletwa bungeni mswada wa kuzisaidia hospitali ndogo zisifungwe. Norval mwenyewe ndiye aliyeutia sahihi. Sote tuliwasha kompyuta pale jikoni kutazama, supu ikachemka mpaka ikafurika. Wabunge wanapopiga kura, jina la kila mmoja huwaka taa kwenye ubao, ya kijani au nyekundu. Norval aliwaka kijani. Tukapiga makofi. Halafu, sekunde chache kabla ya kura kufungwa, taa yake ikageuka nyekundu.

Mswada ukaanguka. Nikasikia mwenzangu mmoja akisema, "Marlys, huyo si kaka yako?" Nilipangusa supu iliyomwagika kwenye jiko, nikapangusa mpaka pale pasipokuwa na supu.

Aliporudi nyumbani wiki ile nilimuuliza, uso kwa uso, mkononi nina kitambaa cha vyombo.

"Norval, nyekundu ya nini?"

"Ni mambo ya utaratibu, Marlys. Usijali."

Utaratibu! Neno hilo ametujibu nalo miaka ishirini na minne, kwa kila kitu, mpaka kwa nini hakuja kwenye harusi ya binti yangu. Unatujua watu wa kwetu: hasira hatuipiki, tunaiweka kwenye friza pamoja na nyama ya kulungu, na tunaendelea kukaribishana chakula. Kila Jumapili alikuja kula kwangu kama kawaida, nami nikampakulia kama kawaida. Hakuona chochote, na mimi sikumwonyesha.

Oktoba hospitali ikafungwa. Nilimwaga unga mimi pamoja na wenzangu wote, sisi watu wa jikoni, na tulicheka kidogo kwa hilo, kisha hatukucheka tena. Januari Milo Hauge akashikwa na moyo asubuhi, akilisha ng'ombe. Unamkumbuka Milo, aliyetufundisha nyimbo za Jumapili na kupiga piano kwa vidole sita? Hospitali iliyobaki iko maili tisini. Gari la wagonjwa lilikutwa na dhoruba njiani, na Milo hakufika.

Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kama ilivyo desturi, mikate ya nyama, saladi ya viazi, kahawa. Norval alikaa kwenye meza ndefu peke yake. Viti saba vitupu kila upande, na watu wamesimama ukutani wameshika sahani. Mjane wa Milo, Orpha, akaenda akasimama mbele yake. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Bwana Kiongozi," alisema, "ungeacha tu kidole chako pale kwenye kijani. Hukuhitaji hata kusimama."

Norval akasema, "Pole sana, Orpha." Basi. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kumhurumia, Mungu anisamehe.

Kufikia Mei kila nyumba ilikuwa imepokea kadi ya posta yenye picha ya ule ubao, jina la Norval limezungushiwa duara, taa nyekundu. Zilitoka kwa Kermit Vossler, muuza matrekta, aliyeamua kumpinga kwenye kura za mchujo za chama. Kermit asingeweza kulipata jengo la bunge hata ungemchorea ramani, lakini kadi alijua kuituma. Barabarani vidole vikaacha kuinuka. Duane alikuwa ndani ya gari na Norval siku moja, akaniambia walipishana na magari kumi na moja kutoka mjini mpaka shambani, na kila mara Norval aliinua chake, na kila mara kikarudi chini peke yake.

Juni akashindwa. Kura tisa, dada. Tuliketi naye kwenye ukumbi wa mahakama wakati karani anasoma matokeo. Norval akatoa penseli, akaandika 9 kwenye kadi yake, akaipigia mstari chini, akairudisha mfukoni. Akatushukuru kwa kuja.

Hapo ndipo lingeishia jibu langu kama ningekuandikia Julai. Ningekuambia alijitakia.

Mwezi uliopita muda wake uliisha na akatakiwa kuondoa vitu vyake bungeni. Hakuweza kwenda. Alifika mpaka kwenye gari, akakaa ndani, akarudi. Nikaenda mimi na masanduku mawili. Pale nikamkuta mama mmoja, Imogene Strand, karani wa bunge tangu enzi za mashine za taipu, amevaa sweta lenye paka. Aliniangalia kama mtu aliyeniona nikiiba.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Ndimi."

"Nyie watu wa Vesterby mna roho za mawe, mama."

"Sisi? Yeye ndiye aliyebonyeza nyekundu kwa hospitali ya kwao!"

Akavua miwani. "Ina maana hakuwaambia?"

Nitakueleza kama alivyonieleza yeye, na yeye alinieleza kama mtoto wa darasa la kwanza. Pale bungeni mswada ukianguka unaweza kurudishwa siku ile ile au inayofuata, ukapigiwa kura tena, mara moja tu. Lakini anayeruhusiwa kuurudisha ni yule tu aliyekuwa upande ulioshinda. Basi kiongozi akiona kwenye ubao kwamba mswada wake unaanguka, anageuza kura yake mwenyewe iwe hapana. Siyo kwamba ameukataa. Amejiwekea mguu mlangoni, ili kesho asimame na kusema, nilikuwa upande wa walioshinda, naomba tuurudie.

"Amefanya hivyo mara sita nikiwa nimekaa kiti hiki," Imogene akasema. "Na mara zote sita mswada ulipita kesho yake. Lile daraja mnalojivunia? Ni nyekundu ya Norval lile."

Siku ya hospitali alipungukiwa kura mbili. Aligeuza, na kabla jioni haijaingia wabunge wawili aliowahitaji walikuwa wamempa mkono kukubali. Lakini ilikuwa imechelewa. Maana kabla Spika hajagonga nyundo, alisimama mbunge mmoja kijana, Tate Brunskill, wa chama hicho hicho cha Norval, naye amepiga hapana, akaomba mswada urudiwe pale pale. Ukarudiwa pale pale, ukakataliwa pale pale, na ukikataliwa mara ya pili haurudi tena. Kwa desturi yao, hakuna anayemfanyia kiongozi hivyo kwa jambo la nyumbani kwake. Brunskill alimfanyia. Sasa yeye ndiye Kiongozi wa Wengi.

"Unajua aliyemfundisha Tate ule ujanja?" Imogene akaniuliza. Nikajua kabla hajasema. "Kaka yako. Kwenye kiti hicho, kahawa vikombe viwili, siku tatu mfululizo. Alisema kijana ana kichwa cha hesabu."

Nikamuuliza kwa nini Norval hakujieleza. Akashangaa kweli kweli. "Ajieleze kwa nani? Humu ndani sote tulijua. Ukianza kueleza kwa nini umegeuza, unawaambia watu umezidiwa hesabu. Kiongozi hasemi hivyo." Kisha akavaa tena miwani yake, akasema, "Nadhani alisahau kwamba nyie hamkai humu."

Nilirudi maili mia na arobaini na masanduku yale, redio nimezima. Dada, nilikuwa na furaha kwa nusu saa. Nilidhani nimebeba dawa. Nilienda moja kwa moja kwa Orpha Hauge, sikupita hata nyumbani, nikamweleza yote pale mlangoni, koti nimelivaa. Nikasema, unaona, hakutukataa, alitaka kuurudisha. Orpha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alicheza kamari," akasema, "na aliyoiweka mezani ni roho ya Milo."

Alinipa chai, nikainywa, tukazungumza bei ya gesi, nikaondoka.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata mimi na Duane hatulitamki ndani ya nyumba. Siku ya kura za mchujo nilichukua gari, nikampakia Duane, nikawapitia wenzangu watatu wa jikoni. Hawakuwa wanataka kwenda. Mmoja alisema, "Achana naye, Marlys, ni damu yako." Mimi ndiye niliyewashawishi. Niliwaambia damu yangu ilininyang'anya jiko. Tukaingia ukumbi wa zimamoto, tunakopigia kura, watu watano, na sote watano tukapaka wino duara lililo mbele ya jina la Kermit Vossler. Kisha tukaenda kunywa kahawa na mikate ya mdalasini, tukacheka kama wasichana waliotoroka shule.

Hesabu ni rahisi, ndiyo maana inaniua. Alishindwa kwa tisa. Watano tungekaa upande wake, Kermit anapoteza tano, Norval anapata tano, na kaka yetu anashinda kwa kura moja. Nimeiandika nyuma ya risiti ya dukani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Kila mara inatoka moja.

Jumapili iliyofuata baada ya mimi kutoka makao makuu, Norval alikuja kula. Nilipika supu ya madonge ya unga kama ya bibi, na mkate. Alikula kidogo, akaweka kijiko. Mbele ya Duane, bila mtu kumuuliza, akasema: "Nimezihesabu upya zote, nyumba kwa nyumba. Najua karibu kila aliyeniacha. Hapa kijijini mlionishikilia hamfiki thelathini." Akatazama meza. "Kura ninazoweza kuziapia ni yangu na zenu mbili."

Duane alianza kukohoa akatoka nje. Mimi nikampakulia supu nyingine. Ndiyo, dada, nilichoweza kufanya ni hicho.

Nimejaribu. Juzi nilianza, "Norval, ile kura ya Juni," akainua kiganja akanikatiza, "Achana nayo, Marlys. Wewe ulifanya lako, na mimi siwezi kukulipa." Mtu mwenye kuhesabu vile, mtu aliyeweza kunusa hapana ya mbunge kabla mbunge mwenyewe hajaijua, anakaa meza moja nami na haoni! Au haangalii. Nimeanza kuogopa kwamba haangalii kwa makusudi, kwa sababu akiangalia hatabaki na mtu.

Hali yake ni mbaya, sitakuficha. Ng'ombe ameuza. Ndevu hanyoi. Kila asubuhi anaendesha gari mpaka kwenye uwanja wa kuegesha wa hospitali, anakaa humo injini ikiunguruma, anautazama ule mlango waliouziba kwa mbao, kisha anarudi. Nilimuuliza anafanya nini pale. Akasema, "Nakaa tu." Kwangu anakula, kwake sidhani kama anapika. Ana miaka sabini na moja na anatembea kama baba alivyotembea mwaka wake wa mwisho. Nalala na simu chini ya mto.

Nakuomba, Corliss, umwite kwako majira haya ya baridi. Mwambie unahitaji mtu wa kukusaidia kwa sababu ya goti. Kuombwa kazi hajawahi kukataa. Mwandikie wewe mwenyewe, usinitaje. Akae mahali ambapo hakuna anayemjua na mtu akimsalimia ni salamu tu. Hapa hatuna tena cha kumpa. Mimi nilichokuwa nacho nilikipeleka ukumbi wa zimamoto.

Nisalimie shemeji Hanale, na Nalani na watoto wake, na umbusu shangazi Verna kwenye paji la uso hata akikupiga. Duane anawasalimu wote, amesema nikuambie kikohozi ni bora kuliko mwaka jana, jambo ambalo ni uongo. Mungu awafunike huko kwa mkono wake, awape usingizi mnono, na ndugu zenu wa karibu wasiwe watu wa kuogopwa. Niombee, ukiweza.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nisipostahili kupendwa,

Marlys

Nyongeza: Norval ndiye anayetupelekea barua posta siku hizi, aliomba mwenyewe, apate sababu ya kutoka. Gari lake limeingia uani sasa hivi. Nimeandika anwani yako lakini bahasha sijaifunga, na sitaifunga. Ikikufikia imebandikwa utepe, ujue ni yeye aliyeibandika, na usiniulize kama alisoma kwanza, kwa maana mimi sitamuuliza.